Usiniambie Ni Hitilafu ya Umeme

Pasi ilikuwa kwangu. Naanza hapo kwa sababu kesi yote iko hapo.

Mwaka jana nilikuwa nimepanga bedsita Meru, upande wa Makutano, ghorofa ya pili. Jirani yangu alikuwa dada mmoja kutoka Runyenjes anayeuza mitumba Gakoromone. Siku moja jioni, kabla hajarudi kutoka sokoni, moshi ukaanza kutoka chini ya mlango wake. Tukavunja mlango. Msee mmoja akakimbia kuzima swichi kuu, wengine wakabeba mchanga wa mjengo uliokuwa nje ya geti. Hakuna aliyeumia, shukuru Mungu. Lakini kitanda, nguo za bale aliyofungua juzi yake, na bahasha ya vyeti vyake vya shule vilikuwa vimeisha kabla hatujamaliza kukohoa.

Keateka akafika, akachungulia, akatoa hukumu papo hapo: "Huyu aliacha pasi ikiwaka." Watu wakatingisha kichwa. Hata yeye mwenyewe alipofika, akilia, akaanza kusema labda, labda aliisahau.

Mimi nikaingia kwangu nikatoka na pasi. Alikuwa ameniazima asubuhi hiyo ninyooshe shati la kurekodi video. Nikamwambia keateka, "Mzee, pasi ndiyo hii." Akaitazama pasi, akanitazama mimi, akasema, "Basi ni hitilafu ya umeme."

Kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza swali lingine. Na bado yule dada aliambiwa deposti yake itatumika kupaka rangi.

Wasee, hitilafu ya umeme ndiye mshukiwa wetu wa taifa. Soko likiungua ni yeye. Bweni likiungua ni yeye. Keja ikiungua ni yeye. Hajawahi kukamatwa, hajawahi kusimama kortini, hana hata namba ya simu. Ni mshukiwa mzuri sana kwa sababu akitajwa, kila mtu mwingine anaenda nyumbani.

Maoni yangu leo ni haya: umeme haujui kukosea. Kazi yake ni moja, kupita palipo na njia. Njia ikiwa nyembamba au mbovu, inapata moto. Mara nyingi kosa liko kwenye waya na viungo vyake, na waya haukujileta ukutani. Kuna mtu aliuuza, kuna mtu aliununua, na kuna mtu aliuvuta.

Mimi nimewahi kuwa huyo wa tatu.

Vuta, kijana

Nilipoacha chuo, kabla simu yangu ianze kunilisha, nilibebea fundi wa stima vifaa kwa karibu mwaka mmoja. Tulifanya kazi Embu sana, Meru kidogo. Tulipata kazi ya ploti moja Embu mjini, ghorofa tatu, bedsita zote. Fundi alimwandikia mwenye ploti orodha ya vitu: waya wa 1.5 wa taa, wa 2.5 wa soketi, wa 6 wa shawa, yote ya shaba. Hizo namba ni unene wa ndani wa waya, milimita za mraba. Yule mzee akasoma, akakunja karatasi, akasema atanunua mwenyewe kwa sababu mafundi ni wezi.

Siku mbili baadaye akaleta nyaya kwa pikapu. Roli nyingi, plastiki inang'aa, maandishi hayasomeki vizuri. Nilibeba roli moja begani nikashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Fundi akakata kipande, akatoa plastiki, akakwaruza kwa kisu. Juu kulikuwa na rangi ya shaba. Chini yake kulikuwa kweupe. Alumini iliyopakwa shaba, wasee, kama kidani cha stendi. Na ule ulioandikwa 2.5 haukuwa umeshiba hata kwa macho.

Fundi akanyamaza kidogo. Alikuwa na watoto wawili shule ya bweni na ilikuwa mwezi wa kwanza. Kisha akaniambia, "Vuta, kijana."

Nikavuta. Chumba baada ya chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nalipwa kwa siku. Sijaandika haya ili mnihurumie. Nimeandika kwa sababu kila mkisikia "hitilafu", nataka mjue hitilafu inaonekanaje ikiwa bado changa. Inaonekana kama kijana amesimama juu ya ngazi akivuta waya ambao anajua ni mbovu.

Hesabu ya shawa

Sasa hebu tufanye hesabu, na usikimbie, hii si ile ya darasani.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 240, unapata ampea, yaani umeme mwingi kiasi gani unapita kwenye waya. Jagi la umeme la wati 2,000 linakula ampea 8 na kitu. Chaja ya simu haifiki hata moja. Shawa ya umeme ya wati 5,500, hii ya baridi ya Meru ambayo kila mtu anaitaka, inakula karibu ampea 23.

Waya nao una upinzani wake. Ukiwa mwembamba nusu, upinzani unakuwa mara mbili. Ukitoa shaba ukaweka alumini ya unene uleule, upinzani unapanda kwa zaidi ya nusu. Na joto halipandi polepole: ukizidisha ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kwa hivyo mtu akipitisha shawa kwenye waya uliopimwa kwa ajili ya balbu, amejenga koili ya kupikia ndani ya ukuta. Tofauti ni kwamba hii koili haionekani, na imevaa plastiki.

Usinielewe vibaya, alumini si adui. Zile nyaya kubwa za kwenye milingoti ni alumini, nyingi zimefungwa kuzunguka uzi wa chuma katikati ili zisikatike. Ziliwekwa alumini kwa sababu ni nyepesi, uzito wake haufiki hata theluthi ya shaba, na wahandisi wakazifanya nene kufidia upinzani. Shida ni alumini inayojifanya shaba. Fundi anaifunga kwenye soketi kama shaba, mwenye nyumba anaitwisha mzigo wa shaba, na mwaka wa pili inalegea kwenye skrubu. Palipolegea ndipo cheche huanzia. Ndiyo maana soketi huyeyuka kabla ya kitu kingine.

Halafu kuna breka. Breka ni ile swichi inayojizima yenyewe, na watu huiona kama msumbufu. Kila ukiwasha shawa, tap, giza. Unampigia keateka, keateka anamleta msee, msee anatoa breka ndogo anaweka kubwa, na shida imeisha. Haijaisha. Breka ilikuwa inapiga kelele kwamba waya umezidiwa, na nyinyi mkaifunga mdomo. Kwenye zile fyuzi za zamani ni hivyohivyo: inaungua, mtu anazungushia kipande cha waya wa kawaida, anafurahi stima imerudi. Sasa ile fyuzi imefukuzwa kazi, na kazi yake ya kukatika inasubiriwa na waya ulio juu ya kitanda chako.

Nani alaumiwe

Mwenye ploti kwanza. Sitazunguka. Atakwambia kodi ni ya chini, angefanyaje? Mimi nilikuwa kwenye ile kazi. Tofauti ya bei kati ya waya mzuri na ule wa pikapu, kwa chumba kimoja, haikufika kodi ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Na ile nyumba atakusanya kodi miaka thelathini. Pesa ilikuwepo ya vigae vya kung'aa na geti lenye simba. Waya haupigwi picha, ndiyo maana ulinyimwa.

Wa pili ni fundi, na hapo najiweka ndani. Sheria inataka fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, na kabla Kenya Power waunganishe nyumba, fundi aliyesajiliwa anafaa kutia sahihi kwamba kazi iko sawa. Nilichoona mimi kwa macho yangu ni fundi mmoja kufanya kazi, na mwingine mwenye karatasi kuja kutia sahihi akiwa bado ndani ya gari. Karatasi safi, ukuta mchafu.

Wa tatu ni duka. Muuzaji wa vifaa vya ujenzi anajua anachouza. Ukimuuliza atakwambia "kuna ya pesa hii na ya pesa ile, zote ni waya." Zote ni waya kama vile chang'aa na maji zote ni za kunywa.

Wa nne ni sisi, na hapa najua mtanuna. Soketi moja kwenye bedsita, juu yake ekstensheni ya mia tatu, juu ya ekstensheni nyingine, juu yake koili ya kuchemshia maji, spika na taa ya kurekodi. Halafu waya unapitishwa chini ya kapeti ili keja ionekane poa kwa kamera. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizungusha ekstensheni yangu vizuri kama nyoka, nikaifunga ikiwa imejikunja, na nikawa napasha maji nayo. Waya uliojikunja hauna pa kutoa joto. Nilijua hilo. Nilikuwa mvivu.

Lakini lawama haigawanywi sawasawa. Mimi naweza kuchomoa ekstensheni leo usiku. Siwezi kubomoa ukuta wa mtu nibadilishe waya. Ndiyo maana yule dada kuambiwa alipe rangi kulinikasirisha mpaka leo.

Waya unaotoka kwetu

Kuna kitu kingine kinanichoma. Sisi watu wa huku si wageni wa stima. Stima ya Kenya ilikuwa inatoka kwetu kabla wengi wetu tuzaliwe. Shuka Mbeere uende mpaka mto Tana, utakuta mabwawa matano yamefuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, Kiambere mwaka 1988. Nyaya za volti 220,000 zinatoka huko zinapita juu ya mashamba ya muguka na ndengu, zinaenda Nairobi. Mama anayechunga mbuzi chini yake hawezi kuchota kutoka hapo, kwa sababu umeme wa nguvu hiyo lazima ushushwe kwenye kituo kwanza. Wengi walisubiri mpaka mpango wa Last Mile wa mwaka 2015, ada iliposhuka kutoka elfu 35 hadi elfu 15.

Tarehe 11 Januari 2022, milingoti ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na karibu nchi nzima ikazima. Kenya Power wakasema milingoti ilikuwa imeharibiwa. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kununua, kuuza na kupeleka nje, mpaka Mei mwaka huohuo. Kila msee wa mkokoteni anayeokota mabati akaonekana mwizi wa transfoma.

Sitetei mtu anayefungua chuma cha mlingoti. Anaweza kuzima mashine ya oksijeni ya mtoto hospitalini na asijue. Lakini angalieni tulichofanya. Waya wa serikali ulipoguswa, nchi ilisimama, biashara nzima ikafungwa ndani ya siku tisa. Waya mbovu ukiuzwa mchana kweupe, ukavutwa kwenye nyumba yenye vyumba ishirini na kitu, hakuna anayesimama. Nyumba ikiungua tunasema hitilafu, tunachanga, tunaendelea. Waya ukiibwa kuna mwizi. Waya ukiwa feki kwa nini hakuna mwizi?

Na hatukuwa hivi zamani. Misafara ya kutoka pwani ilibeba masango, yale matita ya nyaya za shaba na chuma, kwa sababu bara waya ulikuwa pesa. Ulinunua chakula, ulinunua njia ya kupita. Kina nyanya walivaa waya shingoni na mikononi, mzunguko juu ya mzunguko. Mtu anayepokea waya kama pesa lazima auangalie vizuri. Sisi tunaolala ndani yake ndio hatuuangalii.

Kabla hujatuma deposti

Najua wengi wenu Septemba mtakuwa mnatafuta keja Nchiru, Kangaru, Makutano, kila mahali. Tunaangalia kama maji yako, kama mtandao unashika, kama vigae vitatoa picha poa. Ongeza dakika kumi za waya.

Weka kiganja kwenye soketi. Ikiwa na alama ya kahawia, au ina harufu ya plastiki iliyoungua, hiyo keja inakwambia ukweli. Sikiliza.

Uliza shawa iko kwenye breka yake peke yake au imeunganishwa na soketi. Keateka akisema "hiyo sijui", mwambie akuonyeshe boksi la breka. Kama mnatumia breka moja nyumba tatu, tafuta kwingine.

Uliza kama kuna waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Ndio unaobeba umeme uliopotea ukaupeleka ardhini badala ya kupitia kwako ukioga. Ukigusa bomba la shawa ukahisi kijidudu kinatembea kwenye vidole, usicheke na useme "imenishoti kidogo." Toka. Hakuna kushotiwa kidogo ukiwa umelowa.

Ukiwa wewe ndiye unanunua waya, hata mita tano za nyanya kule shamba, kata kipande ukwaruze. Ndani kukiwa kweupe na umeambiwa ni shaba, rudisha. Angalia alama ya KEBS na namba ya kibali chini yake, kisha tuma SM, alama ya reli, na ile namba kwenda 20023. Jibu litakwambia bidhaa ni ya nani. Waya kuja na jina lingine ni jibu tosha.

Na kama mshahamia na shida iko, msiende mmoja mmoja. Mpangaji mmoja akilalamika ni mkorofi. Wapangaji kumi na wanane wakiandika barua moja, na picha za soketi zilizoyeyuka, na tarehe, hiyo si kelele tena. Siku nyumba ikiungua, ile barua ndiyo itakayozuia mtu kusema hakujua.

Embu, wiki iliyopita

Nimekaa na hii stori tangu moto wa Makutano. Nilimpigia yule fundi wangu. Akasema, "Achana na hayo, kijana, hiyo nyumba imesimama mpaka leo." Nikampigia mwenye ploti. Aliposikia neno waya akasema yuko kwenye mkutano, na mpaka sasa mkutano haujaisha.

Kwa hivyo wiki iliyopita nilipanda matatu nikashuka Embu. Bila kamera, nawaapia. Nikapanda zile ngazi nikapiga hodi kwa milango. Wengi hawakuwepo, wawili walidhani nauza kitu. Ghorofa ya pili akafungua msichana wa chuo, rika yangu au chini kidogo. Nikajieleza nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba mimi ndiye nilivuta waya wa chumba hiki, kwamba si mzuri, kwamba shawa isiwashwe pamoja na kitu kingine, afadhali isiwashwe kabisa.

Hakuwa na hasira. Aligeuka tu akaangalia soketi iliyo kando ya kitanda chake, na mimi nikaangalia pia. Kulikuwa na doa la kahawia, dogo, saizi ya shilingi. Akasema alidhani ni chai.

Kisha akaniuliza, "Sasa unataka nihamie wapi? Nimelipa mpaka mwisho wa semista."

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kusogeza kitanda mbali na ule ukuta, tukaandika barua ya kwanza kwenye karatasi ya daftari lake, akaitia sahihi, nikaacha nafasi za majina mengine chini. Jana aliniambia yamefika saba.

Yule dada wa Runyenjes amerudi Gakoromone, anaanza upya na bale ya kukopa, na anafuatilia vyeti vyake KNEC. Pasi yake bado iko kwangu. Alikataa kuichukua, akasema hataki kuiona.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma hapa, inuka, weka kiganja kwenye soketi yako. Ikiwa ya baridi, lala. Ikiwa ya moto, usingoje mtu aje akwambie ni hitilafu ya umeme.